Wananiita mkutubi wa saa moja. Nibaki, au nikasome uzamivu?

Shikamoo Mwalimu,

Safu yako naisoma siku nyingi, leo nimeona nami nilete langu. Mimi ni mkutubi katika maktaba ya chuo kikuu, kitengo cha utafiti na mafunzo. Shahada ya kwanza nilisoma biolojia, uzamili nikasoma ukutubi kwa hiari yangu, hakuna aliyenisukuma. Kitengo chetu kinafundisha wanafunzi kutafuta na kupima taarifa, kinawasaidia wa uzamili na uzamivu kwenye tasnifu zao, na kwa zamu tunakaa dawatini kujibu maswali ya yeyote anayekuja.

Kero ya kwanza ni hicho kinachoitwa kipindi cha maktaba. Mhadhiri ananitumia ujumbe usiku: "Kesho saa nne njoo uwaonyeshe wanafunzi maktaba." Nikiuliza wana kazi gani ya kuandika, naambiwa bado hawajapewa, we waonyeshe tu. Nikifika ananitambulisha kwa sentensi moja, anachukua mkoba wake anaondoka. Nabaki na ukumbi uliojaa, projekta inayosuasua, na saa moja ya kupitia kanzidata zote tunazolipia. Wa viti vya nyuma wako kwenye simu. Wiki chache baadaye, wakishapewa kazi yenyewe, wanakuja dawatini mmoja mmoja na maswali yaleyale niliyoyajibu siku ile. Wenzangu wamenibatiza "mkutubi wa saa moja". Ni utani, ila unanichoma.

La pili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mhadhiri mmoja wa sayansi za afya aliniomba "nimtafutie makala" kwa ajili ya mapitio ya kimfumo, yale yanayotakiwa kukusanya kila utafiti uliofanyika juu ya swali moja. Nilikaa naye tukalivunja swali lake, tukakuta ni maswali mawili yaliyobanwa pamoja. Nikajenga mkakati wa utafutaji kwenye kanzidata ya PubMed, istilahi za mada pamoja na maneno ya kawaida, kisha nikauhamishia Embase na Scopus, ambako istilahi si zilezile na alama za kukata neno ili kupata maumbo yake yote hazifanyi kazi kwa namna moja. Kulikuwa na neno moja lililokuwa linaniletea makala za panya wa maabara kwa maelfu. Ukisema tu "ondoa wanyama", unaondoa pia tafiti zilizohusu wanyama na binadamu kwa pamoja. Ikabidi niseme: ondoa za wanyama, isipokuwa zile zenye binadamu ndani yake. Nikajaribu na orodha ya makala tulizokwisha kuzijua, hakuna hata moja iliyodondoka. Nilicheka peke yangu ofisini. Mwishoni nikaondoa nakala pacha, nikampa faili safi, na nikamwandikia aya ya mbinu za utafutaji.

Makala imetoka. Aya yangu imo, karibu neno kwa neno. Jina langu halimo kwenye waandishi, na kwenye shukrani pia halimo. Nilipomuuliza alishangaa kwa dhati: "Lakini hiyo si ndiyo kazi yako?" Juzi ameniandikia tena. Ana mapitio mengine.

La tatu ni hii akili mnemba. Wanafunzi wananiletea orodha za marejeo niwatafutie, nami nahangaika mpaka nagundua makala hizo hazikuwahi kuandikwa na mtu yeyote. Hapohapo mkuu wangu anasema pengine dawati litafungwa, kwa kuwa mashine itajibu maswali.

Sasa niko njia panda. Mjomba wangu ni profesa, anasema niache "kulinda vitabu", nirudi kwenye biolojia nikasome uzamivu, niwe mhadhiri watu waniheshimu. Mkuu wangu naye amenipa nafasi ya kuongoza uorodheshaji, mshahara unapanda kidogo. Niambie ukweli Mwalimu: hii kazi yangu ina ngazi ya kupanda, au nimekaa kwenye kiti cha kumsubiria mtu mwingine?

Ni mimi,
Mkutubi wa Saa Moja

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na huyo mhadhiri wa afya, kwa sababu ndiye anayekusubiri umjibu, na kwa sababu swali lake lina jibu. Hiyo si ndiyo kazi yako? Ndiyo, ni kazi yako. Kuchambua takwimu ni kazi ya mtakwimu, na jina la mtakwimu huwekwa. Kulipwa mshahara hakumfutii mtu mchango wake kwenye makala. Yeye mwenyewe analipwa mshahara, na jina lake ndilo la kwanza.

Ila tusiende mbali kuliko kanuni zenyewe. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE, ina masharti manne ya mtu kuitwa mwandishi, na yote yatimie: awe na mchango mkubwa katika kubuni utafiti au katika kupata na kuchambua data, awe ameshiriki kuandika au kuhakiki rasimu kwa kina, aidhinishe toleo la mwisho, na akubali kuwajibika kwa kazi hiyo. Anayetimiza baadhi tu anatajwa kwenye shukrani. Wewe ulilivunja swali upya, ukajenga utafutaji, ukaandika aya. Sharti la kwanza na la pili unayo hoja nzito. La tatu na la nne hukuyatimiza kwa sababu hakuna aliyekuonyesha rasimu. Na kanuni hizohizo zinasema wazi kwamba si haki kumnyima mtu nafasi ya kusoma na kuidhinisha rasimu, halafu ukatumia hilo kusema hastahili uandishi. Basi kwa uchache kabisa shukrani ulistahili, na uandishi ulistahili kuzungumzwa.

Kuhusu makala iliyokwisha kutoka, ushauri wangu huenda usiupende. Mwandikie mara moja, kwa adabu, umwombe awasiliane na jarida jina lako liongezwe kwenye shukrani. Majarida huchapisha masahihisho, si jambo geni. Akikataa, liache. Kumburuza mbele ya kamati kwa ajili ya mstari wa shukrani kutakugharimu zaidi ya unachopata, na wahadhiri wengine watajifunza kukuogopa badala ya kukuita mapema. Nguvu yako iweke kwenye mapitio haya ya pili.

Nguvu unayo, ila naona hujaihesabu. Mwaka 2021 ulitoka mwongozo unaoitwa PRISMA-S, nyongeza ya PRISMA, ule mwongozo wa kuripoti mapitio ya kimfumo, nayo inahusu utafutaji peke yake. Una vipengele 16 vya kuripoti: kila kanzidata kwa jina na jukwaa lililotumika, mkakati mzima kama ulivyoandikwa na kuendeshwa, vichujio na sababu zake, tarehe ya mwisho ya kutafuta, idadi ya rekodi kutoka kila chanzo, namna nakala pacha zilivyoondolewa, hata kama kuna mtu mwingine aliyeuhakiki mkakati kabla ya kuendeshwa. Hiyo ya mwisho ina mwongozo wake, PRESS, wa mkutubi kumkagulia mkutubi mwenzake. Sasa jiulize, kwenye yale mapitio ya kwanza, nani angeweza kumjibu mhakiki wa jarida akiuliza kwa nini hukuondoa tu tafiti zote za wanyama? Mhadhiri wako hakujua hata kwamba kulikuwa na panya. Mwongozo wa Cochrane, mtandao wa kimataifa wa mapitio ya kimfumo ya afya, nao unawahimiza waandishi washirikiane na mkutubi au mtaalamu wa taarifa tangu mwanzo. Unapoomba kutambuliwa, hujipendekezi kwa mtu. Unamkumbusha masharti ya aina ya utafiti aliyoichagua mwenyewe.

Kwa hiyo kuanzia sasa maktaba yenu iwe na huduma mbili, ziandikwe na mkuu wako azitie saini. Ya kwanza ni ushauri: mtu anakuja, mnakaa, unamwonyesha njia, anaenda kutafuta mwenyewe. Hapo hudai kitu. Ya pili ni ushirika: wewe unajenga, unaendesha, unahifadhi kumbukumbu, unaandika sehemu ya mbinu, na jina linajadiliwa kabla hujafungua kanzidata ya kwanza. Maktaba nyingi za vyuo zinafanya hivyo, na wahadhiri huelewa haraka kuliko unavyodhani. Kinachowachanganya ni kuomba "makala" na kupewa kazi ya wiki kadhaa bila mtu kuwaambia kwamba ni kazi ya wiki kadhaa.

Tuje kwenye kile kipindi cha saa moja. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Kipindi kisicho na kazi ya kuandika usikikubali tena. Kipindi cha namna hiyo hakifundishi, na wewe unajua hakifundishi, kwa sababu walewale wanarudi dawatini. Mtafiti wa ukutubi Carol Kuhlthau alifuatilia kwa miaka mingi jinsi wanafunzi wanavyofanya utafiti, akaona wasiwasi hupanda pale mtu anapokuwa ameshachagua mada na anaanza kusoma, mambo hayashikamani, hajui aelekee wapi. Huo ndio wakati wa kukuhitaji. Kabla ya hapo hana swali; ukimwonyesha kanzidata tisa anaona tisa za kusahau.

Kuna na hofu yenyewe. Mtafiti mwingine wa ukutubi, Constance Mellon, alichapisha mwaka 1986 utafiti uliotokana na shajara za wanafunzi wa chuo, na kati ya asilimia 75 na 85 walieleza mwanzo wao maktabani kwa lugha ya woga. Kila mmoja aliamini wenzake wanajua ila yeye, kwamba kutojua huko ni aibu, na kwamba akiuliza tu ataumbuka. Ukiingia ukumbini ukaanza na kanzidata ya kwanza hadi ya tisa kwa kasi ya mtu anayezijua, unawathibitishia walichokuwa wanakiogopa. Mwambie mhadhiri hivi, bila kunung'unika: nitakuja wiki ambayo wameshapewa kazi na wameshachagua mada, nitumie maelekezo ya kazi siku chache kabla, na naomba ubaki. Kubaki kwake kuna sababu. Ukifika kwenye swali la makala ipi inafaa katika fani yake, mgeukie yeye ajibu mbele ya wanafunzi. Mhadhiri akishazungumza mara mbili ndani ya kipindi, kipindi kinakuwa chake, na mwakani atakiombea nafasi mwenyewe.

Ndani ya saa hiyo fanya jambo moja. Chukua mada ya mwanafunzi mmoja aliyeko pale, tuseme "athari za matumizi ya simu usiku kwa usingizi wa vijana". Acha aiandike kama ilivyo kwenye kisanduku cha kutafutia, wote waone kinachotoka: labda vitu viwili, labda rundo lisilohusika. Waulize ni maneno gani yanayobeba mada. Watasema simu, usingizi, vijana. "Athari" wataing'ang'ania, waache waing'ang'anie kidogo kisha waonyeshe kwamba waandishi wengi hawalitumii neno hilo hata kama ndilo wanalochunguza. Kila neno walitafutie ndugu zake: kulala, kukosa usingizi, saa za kulala. Ndugu waunganishwe kwa OR (lolote kati yao litoshe), makundi yaunganishwe kwa AND (yote yawepo). Wakati huo idadi ya majibu inapanda na kushuka mbele ya macho yao, na hapo ndipo ukumbi unapoamka. Nusu ya pili ya kipindi nyamaza. Wafanye kwa mada zao, wewe uzunguke. Mambo ya kutaja vyanzo na kadhalika yaweke kwenye mwongozo wa mtandaoni.

Najua kitengo chenu pengine kinataka ufuate ule mfumo wa umahiri wa taarifa wa ACRL, chama cha maktaba za vyuo na utafiti cha Marekani, uliopitishwa mwaka 2016, wenye dhana sita kubwa. Ni mfumo mzuri wa kukufanya wewe ufikiri. Dhana sita kwa saa moja hazifundishiki, na anayekudai hivyo hajawahi kusimama mbele ya ukumbi wa mwaka wa kwanza. Chagua moja.

Usiwaulize mwishoni kama wamefurahia. Wakuachie karatasi yenye utafutaji walioufanya, na chanzo kimoja walichokikataa na sababu ya kukikataa. Baada ya kazi kusahihishwa, mwombe mhadhiri orodha za marejeo bila majina ya wanafunzi, uzisome. Linganisha darasa lililopata kipindi kwa wakati wake na lile lililopata kabla ya kazi. Hiyo ni data, na nitairudia sasa hivi tukifika kwa mjomba wako.

Akili mnemba nitaigusa kwa kifupi, maana nusu ya unayoyasema tayari unayajua. Mwaka 2023 jaji mmoja wa New York aliwatoza faini ya dola 5,000 mawakili waliopeleka mahakamani hoja zenye kesi ambazo hazikuwahi kuwapo, zilizotungwa na ChatGPT. Kilichonikaa kichwani ni kwamba mmoja wao aliiuliza mashine yenyewe kama kesi ile ni ya kweli, ikamwambia ndiyo. Wanafunzi wako wanafanya vivyo hivyo. Wafundishe kwamba marejeo hayahakikiwi pale yalipotoka: watafute DOI, namba ya kudumu ya kuitambulisha makala, wafungue jarida kwenye juzuu na ukurasa uliotajwa, waone kuna nini hapo. Dakika mbili zinatosha, na wewe utaacha kutumia mchana mzima kutafuta makala za kufikirika.

Lakini mkuu wako msikilize. Maswali ya "kitabu hiki kiko wapi" na "nafungua vipi akaunti" yatajibiwa na mashine, na sioni cha kulilia. Dawati la kukaa mtu na kusubiri lilikuwa linapoteza wateja hata kabla ya hii teknolojia. Mweleze kwamba saa zinazookolewa pale zihamie kwenye miadi: mwanafunzi wa uzamili anayeandika mapitio ya machapisho akae nawe kwa nafasi, mlango umefungwa. Ukingoja dawati lifungwe ndipo useme, saa hizo zitapewa kitengo kingine.

Sasa mjomba. Mpe heshima yake, anakutakia mema, lakini hajui unachokifanya. Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwachunguza watu 45 wakipima tovuti: wanahistoria 10 wenye uzamivu, wahakiki wa habari 10, na wanafunzi 25 wa Stanford. Wahakiki walitoka haraka kwenye tovuti na kufungua kurasa nyingine kuuliza ni nani aliye nyuma yake. Wanahistoria wengi na wanafunzi walibaki palepale, wakisoma kwa makini kabisa, wakidanganywa na nembo safi na anwani yenye sura ya kuaminika. Uzamivu ni elimu kubwa, ila haumfundishi mtu hili unalolifundisha wewe. Ukimsimulia mjomba utafiti huo mezani atakubishia, na ubishi huo utakuwa mtamu.

Ukitaka mfano wa aliyepita njia kinyume na hiyo unayoshauriwa, S. R. Ranganathan, mkutubi maarufu wa India, alikuwa mwalimu wa hisabati kabla ya kupewa maktaba ya Chuo Kikuu cha Madras mwaka 1924. Mwanzoni upweke wa kazi ulimshinda, akarudi kuomba arudishiwe darasa lake. Wakamwambia akasome kwanza ukutubi London, akirudi bado hataki watazungumza. Hakuomba tena. Mwaka 1931 akatoa zile sheria zake tano za ukutubi tunazokaririshwa sote, ya nne ikiwa kuokoa muda wa msomaji.

Simaanishi usisome uzamivu. Nasema usiusome kwa sababu ya dharau ya mtu mmoja. Ni miaka, ni pesa, na ukiumaliza utakutana na wahadhiri ambao nao majina yao yameachwa kwenye makala za wakubwa wao. Jipime hivi: jioni usipokuwa na wa kumjibu, unasoma nini? Kama ni biolojia, kama unaikumbuka maabara, nenda na baraka zangu. Kwenye barua yako biolojia imetajwa mara mbili, zote kama historia au ushauri wa mjomba. Ule mkakati wa panya umeupa aya nzima, na ukacheka peke yako. Nilivyosoma mimi, jibu ulishaliandika.

Uorodheshaji umeupa nusu sentensi, na ndani yake kuna mshahara tu. Ni kazi nzito na ya heshima; bila waorodheshaji wewe usingekuwa na istilahi za kutafutia. Lakini anayekwenda huko kuwakimbia wahadhiri atakuwa mworodheshaji mwenye kinyongo. Kama pesa ndiyo inayokubana, hilo ni jambo jingine, na hukuniambia.

Kuhusu ngazi, nenda kwa ofisi ya utumishi ukaombe muundo wa ajira yako uusome mwenyewe, usitegemee ya kuambiwa kwenye korido. Kuna vyuo wakutubi wamewekwa kwenye kada ya wanataaluma na hupandishwa kwa utafiti, ufundishaji na machapisho kama wahadhiri. Vingine vimewaweka pamoja na waendeshaji, na huko ngazi huishia kwenye umeneja. Safari hizo mbili hazifanani, na huwezi kuamua kubaki au kuondoka kabla hujajua uko kwenye ipi. Ukiwa kwenye ya kwanza, ile data ya madarasa mawili ni makala yako, jina lako likiwa la kwanza. Ukipenda kuikuza iwe uzamivu, uwe wa sayansi ya habari, na biolojia yako itakusaidia sana: wakutubi wanaojua sayansi kutoka ndani na wakajua pia kutafuta si wengi. Ukiwa kwenye ya pili, bado andika, kwa sababu wasifu wako utasomwa na chuo kingine siku moja.

Usimjibu mhadhiri wa afya ukiwa na hasira, lakini usimkawize. Zungumza na mkuu wako kwanza, kisha mwandikie kitu kama hiki, kwa maneno yako:

"Mwalimu, ahsante kwa kunikumbuka kwenye mapitio haya. Naweza kushiriki kwa njia mbili. Kama unahitaji ushauri wa utafutaji, tukutane saa moja wiki hii na utaendelea na timu yako. Kama unahitaji utafutaji kamili wa kufuata PRISMA-S, nitaujenga, nitauendesha, nitaandika sehemu ya mbinu, na nitasoma rasimu nzima kabla haijapelekwa. Kwa kazi hiyo naomba tukubaliane sasa kuhusu nafasi yangu kati ya waandishi. Naambatisha utaratibu wa maktaba. Kwenye makala iliyopita, naomba pia tuangalie uwezekano wa kuongeza jina langu kwenye shukrani."

Hakuna neno la lawama hapo, usiliongeze. Akichagua ushauri, mpe saa moja nzuri na umwache aende. Wanafunzi wa uzamili wako kwenye foleni, na mapitio yao nayo yanahitaji mtu anayejua kuwatoa panya bila kupoteza binadamu.